Uwazi wa Mnazi Mmoja: Ngoma, Majoho na Milango Iliyofungwa

Muhula uliopita, tulipokuwa tukijadili historia ya vyama vya ukombozi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono akauliza swali ambalo limekuwa likinisumbua tangu siku ile. "Mwalimu," alisema, "wale akina mama wanaocheza na kuimba kabla kiongozi hajapanda jukwaani, wanafanya siasa, au wanatuchangamsha tu wakati tunaisubiri siasa ianze?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilitambua kwamba sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Naamini sehemu kubwa ya jibu lenyewe imeandikwa katika ardhi ya jiji hili, katika mwendo usiofika saa moja kwa miguu kutoka Kivukoni hadi Kariakoo.

Wataalamu wa falsafa na fasihi hulitumia neno ujumi kwa maana ya taaluma inayochunguza uzuri na namna hisi zetu zinavyoupokea. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ujumi ni habari ya vinyago, mashairi na taarabu, na kwamba siasa ni habari ya katiba, kodi na kura. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo hauna mashiko pale watu wanapokutana hadharani kutenda jambo kwa pamoja. Nani anaonekana na nani haonekani. Nani amewekwa juu na nani amewekwa chini. Nguo ipi inavaliwa, sauti ipi inasikika, mlango upi unafunguliwa: haya ni mambo ya macho na masikio kabla hayajawa mambo ya sheria. Mwenye kuyaamua ameishika siasa hata kama hajalitamka neno lenyewe.

Sanamu mbili na jina la mtaa

Tuanze safari yetu katika makutano ya Mtaa wa Samora na Mtaa wa Maktaba, pale iliposimama Sanamu ya Askari. Kabla ya sanamu hiyo, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini humu sanamu ya Hermann von Wissmann, afisa aliyeongoza vita vya kuuzima upinzani wa watu wa pwani mwaka 1889 na baadaye akawa gavana. Mchongaji alimweka Wissmann juu, amesimama wima, akitazama mbele. Chini yake akamweka askari Mwafrika ambaye macho yake yameelekezwa juu kwa bwana wake. Haikuhitajika hotuba. Mpita njia asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kuisoma sanamu ile na kujua utawala ulimtaka asimame wapi.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu hiyo, nayo hatimaye ikapelekwa Hamburg na kusimamishwa karibu na chuo kikuu. Huko nako haikupata amani. Mwaka 1967 wanafunzi wa Kijerumani waliiangusha, ikasimamishwa tena, na mwaka 1968 wakaiangusha kwa mara ya mwisho. Wale vijana walielewa jambo ambalo mara nyingi tunalisahau: jiwe na shaba zikiwekwa hadharani huendelea kusema hata baada ya waliozituma kufa.

Mwaka 1927 Waingereza walizindua sanamu yao, hii tuliyonayo, ya askari aliyeshika bunduki yenye singe inayoelekea bandarini. Ni kweli kwamba safari hii Mwafrika hayupo tena miguuni pa mzungu. Lakini tazama tena. Sanamu kama hizo ziliwekwa pia Nairobi na Mombasa, na ya Nairobi inamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Ya Dar es Salaam ina askari peke yake. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi, lakini umbo lao halipo. Na wapagazi ndio waliokufa kwa makumi ya maelfu katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria, wakiwa wamebeba vyakula na risasi za watu wengine. Walichobakiziwa mjini humu ni jina tu: kambi yao ya "Carrier Corps" ikatamkwa na wenyeji Kariakoo. Askari alipewa shaba katikati ya mji. Mpagazi alipewa mtaa wa Waswahili upande wa pili, na hata jina hilo hakupewa na serikali bali na ndimi za watu.

Uwazi uliokusudiwa kutenga

Baina ya sanamu na Kariakoo kuna Mnazi Mmoja. Watu wengi wanaokatiza pale kwenda kupanda daladala hawajui kwamba uwazi ule haukuachwa kwa bahati. Utawala wa kikoloni uliugawa mji katika kanda tatu kwa kutumia kanuni za ujenzi. Kanda ya kwanza, upande wa mashariki, ilikuwa ya nyumba za Kizungu. Ya pili ilikuwa ya biashara, ambayo kwa kiasi kikubwa ilikaliwa na Wahindi. Ya tatu, Kariakoo na pembezoni mwake, ilikuwa ya Waafrika. Sheria haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitosha kusema ni nyumba ya namna gani inaruhusiwa kujengwa wapi. Baina ya kanda ya pili na ya tatu wakaacha ardhi tupu, kwa hoja ya afya: maradhi yasivuke kutoka kwa Waafrika kwenda kwa wengine. Huo ndio uwazi wa Mnazi Mmoja.

Naomba msomaji atafakari kinaya hiki, maana ndicho kiini cha makala haya. Ardhi iliyoachwa tupu ili watu wasikutane ndiyo iliyokuja kuwa mahali pa watu kukutana. Ilikuwa pana, ilikuwa karibu na nyumba za walio wengi, na ilikuwa inaonekana kutoka pande zote. Mpangaji wa mji alichora mpaka. Wakazi wa mji wakauona uwanja.

Shule ya ngoma

Lakini uwanja haukusanyi watu. Watu hukusanywa na watu wenye uzoefu wa kukusanyika, na uzoefu huo katika pwani yetu ulijengwa na ngoma. Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo wa beni ulianza katika miji ya pwani ya Kenya, kisha ukashuka hadi huku kwetu. Dar es Salaam ikawa na vyama viwili vikubwa vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa sare zilizoiga za kijeshi, walipiga gwaride, walipeana vyeo vya wafalme, magavana na maofisa, na walijibizana kwa nyimbo. Vita Kuu ya Kwanza iliwasambaza askari na wapagazi nchi nzima, nao wakaisambaza beni pamoja nao.

Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima kuhusu beni. Baada yake ilikuwa vigumu kwa mtafiti makini kuiita beni maigizo ya watu waliovutiwa na fahari ya mzungu. Maofisa wa Kiingereza wenyewe hawakuiona hivyo. Baada ya vita waliingiwa na wasiwasi, wakafanya upelelezi kujua mtandao huu unaounganisha mji na mji una lengo gani. Hofu yao ilikuwa na mantiki. Chama cha beni kilikuwa na viongozi waliochaguliwa, michango, hazina, matawi, barua za kuwasiliana na wenzao wa miji ya mbali, na wajibu wa kuzikana na kusaidiana. Ukiondoa nyimbo na sare, ulichobaki nacho ni muundo wa chama. Usipoziondoa, una chama ambacho watu wanakipenda.

Si bahati basi kwamba Kariakoo ndiyo iliyozaa African Association mwaka 1929, na kwamba katika nyumba ya chama hicho, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa New Street na leo unaitwa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Sisemi kwamba ngoma ndiyo iliyoleta uhuru. Migomo ya makuli wa bandarini ya mwaka 1939, 1943 na hasa ule wa Septemba 1947, ambao ulisambaa kufuata reli ya kati, ilifundisha jambo ambalo ngoma peke yake isingeweza: kwamba mji unaweza kusimama iwapo mikono itasimama. Ninachosema ni kwamba walioingia katika chama walikuwa tayari wanajua kuwa wengi, yaani kuingia uwanjani pamoja, kuitikia pamoja na kutawanyika pamoja.

Bomba na kadi ya chama

Mwaka mmoja baada ya kuanzishwa, TANU ilikuwa na tatizo ambalo watumishi wa umma wanaosoma makala haya watalielewa haraka. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwazuia watumishi wake wa Kiafrika kujiunga na vyama vya siasa. Wasomi wachache waliokuwapo, makarani na walimu wa serikali, walikuwa wamefungwa mikono. Julius Nyerere mwenyewe alilazimika kuacha ualimu Pugu mwezi Machi 1955 baada ya kurejea kutoka Umoja wa Mataifa. Chama kilikuwa na hoja na kilikuwa na kiongozi. Wanachama walikuwa bado wachache.

Katikati ya mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Dar es Salaam, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Swali hilo liliwasumbua viongozi, na jawabu lilipatikana kwa Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa mjini humu mwaka 1926, mwenye elimu ya darasa la nne, na kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipokabidhiwa tawi la wanawake hakuanza kwa kupita nyumba moja baada ya nyingine. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya lelemama na ngoma nyingine za akina mama, maana alijua kwamba kila kiongozi ana watu wake, na kwamba watu wale wamezoea kuitwa, kuchanga, kushona sare na kufika kwa wakati. Baada ya miezi michache tu maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU.

Msomi wa Kimarekani Susan Geiger, aliyewahoji Bibi Titi na wenzake miaka ya 1980, alionyesha kwamba wanawake wale hawakuupokea utaifa kutoka kwa wasomi wa kiume. Walikuwa nao tayari. Nakubaliana naye, na ningependa kuongeza jambo kuhusu umbo. Katika kikundi cha ngoma, Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mnyamwezi walivaa kanga ya doti moja na kuitikia kibwagizo kimoja kwa Kiswahili. Kanga ile haikuwa pambo lililobandikwa juu ya umoja uliokwisha kuwapo. Kwa mtu anayeishi katika mji uliogawanywa kwa kanda na rangi, kuwaona wanawake mia moja wamevaa sawasawa wakikatiza Mnazi Mmoja ilikuwa ni kuliona taifa kabla halijapata bendera. Nyerere alieleza Tanganyika itakuwaje; wao waliionyesha.

Serikali ya kikoloni ililijua hilo. Mwaka 1957 ilimpiga marufuku Nyerere kuhutubia hadharani. Lakini ni vigumu zaidi kukiwekea marufuku kiitikio. Hotuba ina mwenyewe anayeweza kushtakiwa. Wimbo wa ngoma ni mali ya wote walioitikia, nao hurudi nyumbani pamoja na waimbaji, ukaingia jikoni, kisimani na arusini. Ndiyo maana namjibu mwanafunzi wangu sehemu ya kwanza ya swali lake bila kusita: akina mama wa mwaka 1955 hawakuwa wakichangamsha mkutano. Wao ndio waliokuwa mkutano.

Umbo likahamia jukwaani

Sehemu ya pili ya jibu ni ngumu zaidi, na inaanza baada ya bendera kupandishwa. Mwaka 1962 serikali mpya iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nia ilikuwa njema: kuurudishia hadhi utamaduni uliodharauliwa. Baada ya Azimio la Arusha, Nyerere aliwaomba washairi waipeleke siasa ya Ujamaa kwa wananchi, na Mathias Mnyampala akaitikia kwa ngonjera, ambazo ziliimbwa shuleni kote. Ngoma zikapangwa uwanjani, halaiki zikaandaliwa, watoto wakafundishwa kupanga maumbo kwa miili yao mbele ya jukwaa la wageni rasmi.

Sina dharau kwa kazi hizo. Mimi mwenyewe nilikariri ngonjera nikiwa shule ya msingi na hadi leo najua zamu yangu ya kuitikia. Lakini jambo fulani lilibadilika. Katika uwanja wa ngoma watu hutengeneza duara, na anayetazama sasa anaweza kuingia kucheza baadaye. Katika halaiki kuna jukwaa, na kila kitu kimeelekezwa kwake. Walio uwanjani hawaoni umbo wanalolitengeneza. Aliye juu peke yake ndiye analiona. Mwanafikra wa Kijerumani Walter Benjamin aliandika katika miaka ya 1930, akiwa mkimbizi, kwamba ufashisti huwapa umati nafasi ya kujieleza bila kuwapa haki zao. Tanzania haikuwa nchi ya kifashisti, na kuilinganisha hivyo ni kukosa adabu kwa historia. Lakini onyo lake lina maana kwetu pia: mtu anaweza kupewa sare, wimbo na nafasi ya kuonekana, na papo hapo akanyang'anywa neno.

Majoho ya 1966, sketi za 1968

Matukio mawili ya miaka ile yanatuonyesha jinsi umbo linavyoweza kuwageuka watu.

La kwanza ni la tarehe 22 Oktoba 1966. Karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa sehemu tu ya mshahara kwa muda. Walivaa majoho ya kitaaluma. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali ukoloni. Nyerere aliwakaribisha, akawasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira. Aliwafukuza chuo, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushee baadaye lilikuja Azimio la Arusha.

Wanafunzi wale walikuwa na hoja ndani ya madai yao. Walihoji kwa nini vijana watozwe kafara wakati mishahara ya wakubwa inabaki palepale, na kitendo cha Rais cha kukata mshahara ni ushahidi kwamba hoja hiyo ilimgusa. Lakini nani aliisikia? Waliotazama barabarani waliona majoho. Katika nchi ambayo wengi hawakuwa wamepata hata darasa la nne, joho lilisema "sisi si wenzenu" kwa sauti kubwa kuliko bango lolote. Wanafunzi waliopita katika jiji la akina Bibi Titi hawakuwa wamejifunza kutoka kwake kwamba anayeandamana huchagua vazi lake kwa kumfikiria anayemtazama. Nawaambia wanafunzi wangu wanaharakati jambo hili kila mwaka: ukweli wa madai yako hautakuokoa na umbo lako.

Tukio la pili lilitokea Kariakoo kwenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mengine yaliyoitwa utamaduni wa kigeni, ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969. Kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yalianza kusimamisha mabasi karibu na soko la Kariakoo, kuwateremsha wanawake waliovaa nguo fupi, kuwapiga na kuwachania mavazi, hadi polisi wakaingilia kati. Na katika miaka hiyohiyo Wamasai walikuwa wakilazimishwa kuacha lubega na kuvaa suruali, kwa hoja kwamba mavazi yao yanaliaibisha taifa la kisasa. Mwanamke wa mjini aliambiwa amezidi usasa. Mmasai aliambiwa hana usasa wa kutosha. Kilichofanana ni kwamba mwili wa asiye na nguvu ndio uliofanywa ubao wa kuandikia heshima ya taifa.

Hapa lazima tuwe wakweli. Tunaposifu "watu kutenda pamoja hadharani" tusisahau kwamba genge lile la Kariakoo nalo lilikuwa watu, nalo lilitenda pamoja, nalo lilikuwa hadharani, na lilikuwa na nadharia yake ya uzuri. Miaka 13 tu baada ya wanawake kuupa mtaa ule taifa kwa nguo walizojichagulia, wanawake walivuliwa nguo katika mtaa uleule kwa jina la taifa hilo. Umati si wema kwa kuwa ni umati. Tofauti ya Bomba na genge lile ni kwamba wana-Bomba waliweka miili yao wenyewe mbele ya macho ya watu. Genge liliweka mbele miili ya wengine.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa mfano wa tatu. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga wenyewe ukumbi wa wazi na kuigiza tamthilia kwa Kigĩkũyũ wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ikaufuta mchezo, na mwisho wa mwaka ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Tujiulize: kwa nini dola ibomoe mbao na miti? Riwaya zake za Kiingereza zenye ukosoaji mkali zilikuwa zikiuzwa madukani. Kilichotisha hakikuwa maneno peke yake bali wanakijiji waliokwisha kujiona jukwaani, wakajua wanaweza.

Umbo jipya: mlango uliofungwa

Turudi Kariakoo, karibu na siku zetu. Kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa nchini, na zuio hilo liliondolewa tarehe 3 Januari 2023. Kizazi kizima cha wanafunzi wangu kiliingia chuoni kikiwa hakijawahi kusimama katika mkutano wa hadhara isipokuwa wa kampeni. Wengi walihitimisha kwamba Watanzania wamesahau kutenda pamoja.

Kisha ikaja Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wakilalamikia kodi, usajili wa stoo na kikosi kazi cha ukusanyaji mapato, walifunga maduka. Hapakuwa na maandamano wala wimbo. Palikuwa na mageti ya chuma yaliyoshushwa, moja baada ya jingine, mtaa baada ya mtaa. Yeyote anayeijua Kariakoo, vipaza sauti vyake, nguo zilizotundikwa hadi barabarani, mikokoteni na kelele za makondakta, anaelewa uzito wa ukimya ule. Mtu mmoja akifunga duka, amefunga duka. Mtaa mzima ukifunga, umesema. Na kwa kuwa wafanyabiashara wa Zambia, Kongo na Malawi huja hapo kununua bidhaa, waliousoma ukimya ule hawakuwa Watanzania peke yao.

Tarehe 17 Mei Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao. Wapi? Mnazi Mmoja. Si ofisini Magogoni wala Dodoma, bali katika uwazi uleule uliochorwa kutenga watu. Mfanyabiashara mmoja baada ya mwingine alishika kipaza sauti na kueleza masaibu yake mbele ya mawaziri, na nchi nzima ikatazama kwenye runinga. Kwa saa kadhaa mpangilio uligeuka: jukwaa lilisikiliza, uwanja ukasema. Ikaundwa kamati ya kushughulikia malalamiko. Kwamba maduka yalifungwa tena Juni 2024 ni ishara kuwa kusikilizwa siku moja si sawa na kutatuliwa. Lakini ni ishara pia kwamba lugha iliyovumbuliwa mwaka uliotangulia haikusahaulika.

Hata hivyo, nisilipambe jambo hili kupita kiasi. Mwenye duka ana mlango wa kufunga. Mmachinga hana. Mbeba mizigo wa Kariakoo, mrithi halisi wa yule mpagazi aliyekosa sanamu, alikosa kibarua siku zile na hakuna aliyempa kipaza sauti. Kila umbo la kutenda pamoja lina watu linaowaonyesha na watu linaowaficha, na hilo la milango halikuwa tofauti.

Maswali matatu

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Hakuna jibu moja kwa ngoma zote na nyakati zote, lakini kuna maswali matatu ambayo yeye na kila anayesimama uwanjani anaweza kujiuliza. Nani ametunga wimbo? Nani analiona umbo lote, aliye jukwaani peke yake au na waliomo ndani yake? Na anayeimba anaweza kubadilisha ubeti, au kukataa kuja, bila kupoteza kitu?

Kwa maswali haya akina mama wa Bomba walikuwa wanasiasa kamili. Kwa maswali hayahaya, kikundi kinachopewa vitenge, usafiri na wimbo ulioandikwa ofisini kinafanya kazi halali ya kujipatia riziki, lakini siasa iliyomo ni ya aliyekikodi. Vivyo hivyo kwa mtumishi wa umma anayesombwa na basi kwenda kujaza uwanja huku jina lake likiandikwa mlangoni. Mwaka 1953 waraka ulimkataza babu yake kwenda. Leo mahudhurio yanamlazimisha. Nyaraka hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini zote zinamnyima jambo lilelile: uamuzi wa kuwapo.

Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, akawa waziri mdogo, kisha mwaka 1969 akakamatwa, akahukumiwa kwa uhaini, na akaachiwa huru mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa kunong'ona. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake, na makondakta hulitamka mara mia kwa siku bila kufikiri. Sanamu hana mjini humu. Sidai ajengewe. Ningependa zaidi uwanja ule uliopo ubavuni mwa barabara yake ubaki wazi, usiuzwe, usizungushiwe uzio, wala usihitaji kujuana na mtu ili kuutumia. Maana mwanamke yule hakutuachia umbo lake la shaba, alituachia ustadi wa kukusanyika, na ustadi huo ukikosa mahali pa kufanyiwa mazoezi hupotea katika kizazi kimoja.